Ekialo: Neno Kutoka Ziwani

Leo sitaki usikilize tu, nataka unisaidie kutamka. Waite na watoto wasogee karibu na redio, maana wao hawaoni haya kusema neno kwa sauti.

Sema: nyumba mbili. Haya, sasa sema: watu wawili. Rudia polepole. Mbili. Wawili. Hesabu ni ile ile, lakini nyumba zimepata b na watu wamepata w. Tumesema hivyo tangu utotoni na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Liweke swali hilo kando, nitakuja kulichukua.

Kwanza nikupeleke Kisegi, kando ya Ziwa Viktoria, upande ule wa kaunti za Homa Bay na Migori. Nilifika asubuhi jua halijapanda. Omena ilikuwa imeanikwa juu ya nyavu kuukuu, kina mama wakiigeuzageuza kwa mikono, na mashua za usiku zimevutwa mchangani. Chini ya mti alikaa mzee mmoja akishona wavu. Nikamwamkia, nikamwita jaduong', kama heshima ya huko inavyotaka. Tukazungumza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Dholuo, habari za samaki, habari za mvua, habari za watoto walioko Nairobi. Mwishowe nikamuuliza asili ya ukoo wake.

“Sisi ni Wasuba,” akasema. “Babu yangu alisema Kisuba. Baba yangu alikisikia. Mimi nimebaki na majina tu.”

Sentensi tatu, vizazi vitatu. Babu alisema, baba alisikia, mwana amebaki na majina. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jinsi lugha inavyotoka katika jamii, na sijaona mahali ilipoelezwa kwa ufupi kuliko pale chini ya mti, kwa mtu ambaye hata sindano yake hakuiweka chini.

Wasuba, au Abasuba kama wanavyojiita, wako Gwassi, Kaksingri, Kasgunga, na visiwani Rusinga na Mfangano. Katika sensa ya mwaka 2019, watu zaidi ya 150,000 nchini Kenya walijiandikisha kuwa Wasuba. Lakini kujiandikisha ni jambo moja na kusema lugha ni jingine. Bara, na pia Rusinga, Dholuo kimekuwa lugha ya nyumbani kwa muda mrefu. Mahali ambapo Kisuba, au Olusuba kwa jina lake lenyewe, kimejishikilia zaidi ni Mfangano, kisiwa cha mlima kilichozungukwa na maji, ambako wazee bado wanasemezana nacho. Mwaka 1992 wanaisimu wawili, Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo, walichapisha uchunguzi wao kuhusu safari hii ya Wasuba kutoka lugha yao kwenda Dholuo. Na safari yenyewe haikuwa ya fimbo wala ya bunduki. Walioana na Wajaluo, wakauziana samaki na nafaka, wakazikana. Mtoto huchukua lugha ya mama anayemlisha, na mama wengi walikuwa Wajaluo. Kisha likaja kanisa pamoja na shule. Wamisionari Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, na huko Dholuo kikaandikwa na kusomeshwa. Mtoto wa Kisuba aliyetaka kujua kusoma alijifunza kwa Dholuo. Hapa hakuna mwizi wa kukamatwa.

Sasa utaniuliza, na ni haki yako: hasara iko wapi? Watu wako hai. Wanavua, wanasoma, wanaomba, wanacheka kwa lugha nyingine. Kama lugha imekwenda zake, si iende? Mimi naamini hasara ipo, tena ni kubwa, na leo nataka kukuonyesha mahali ilipo. Haiko kwa Wasuba peke yao. Iko kwako wewe unayesema mbili na wawili.

Hebu tufikirie boma la zamani la kwetu huku. Baba ni mmoja, wake ni kadhaa, na kila mke ana nyumba yake. Watoto wote ni wa boma moja, lakini wale wa nyumba moja wana undugu wa karibu zaidi: wamelala pamoja, wamekula chungu kimoja, wana mizaha ambayo watoto wa nyumba nyingine hawaielewi. Lugha za Kibantu, ambazo ni kama mia tano hivi, ni watoto wa boma moja kubwa. Na hapa mashariki mwa ziwa kuna nyumba moja ndogo ndani ya boma hilo. Katika milima ya Kisii kuna Ekegusii. Mpakani mwa Kenya na Tanzania kuna Igikuria. Vuka mpaka uingie mkoa wa Mara, utakuta Kisimbiti, Kingoreme, Kizanaki, Kiikizu, Kinata, Kiikoma, Kiisenye, na kando ya maji Kijita na Kikwaya. Mwanahistoria David Schoenbrun aliyezilinganisha lugha za Maziwa Makuu ameiita nyumba hii Nyanza ya Mashariki, yaani watoto wa mama mmoja aliyeishi mashariki mwa ziwa zamani sana, kabla hakujakuwa na Mgusii wala Mkuria wala Mzanaki.

Wasuba wanasimama mlangoni mwa nyumba hiyo, mguu mmoja ndani na mwingine majini. Masimulizi yao, ambayo Henry Okello Ayot aliyakusanya na kuyachapa katika kitabu chake cha mwaka 1979, yanasema baadhi ya koo zilikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga. Koo nyingine zina mizizi kusini, huko Mara. Lugha yao ni mahali mito miwili ilipokutana.

Kumbuka pia watu wawili tunaowajua sote. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na lugha aliyonyonya kwa mama yake ni Kizanaki. Tom Mboya, ambaye asili ya ukoo wake ni Wasuba wa Rusinga, alizikwa kisiwani humo mwaka 1969. Mmoja anakumbukwa Tanzania, mwingine Kenya, na ziwa lililo kati ya Butiama na Rusinga ni lile lile. Lugha za mababu zao ni ndugu. Mpaka uliochorwa kati ya nchi hizo haukuuliza habari hizo.

Lakini tunajuaje kwamba alikuwapo mama wa lugha, huyu wa nyumba ndogo au yule wa kale zaidi, mama wa boma zima? Hakuacha maandishi. Hakuna sauti yake iliyonaswa. Alichoacha ni watoto, nasi tunaweza kuwasikiliza watoto. Njoo tusikilize.

Sisi kwa Kiswahili tunasema mbuzi. Mganda anasema embuzi. Mgusii anasema embori, Mkuria imburi, Mkikuyu mbũri. Umesikia? Penye z yetu na ya Mganda, wale wengine wana r. Unaweza kusema ni bahati tu. Basi tujaribu neno lingine. Sisi tunasema mwezi, Mganda omwezi, Mkikuyu mweri. Z na r tena. Mara ya tatu: Mganda huita mzizi omuzi, Mkikuyu mũri. Hiyo si bahati tena. Sauti za lugha hazibadiliki moja moja ovyo ovyo. Hugeuka kwa kundi, kama ndege wa ziwani wanaoruka pamoja na kupinda pamoja angani. Ukishaona kundi limepinda, unaweza kurudi nyuma kwa fikra hadi mahali lilipokuwa kabla ya kupinda.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mjerumani Carl Meinhof katika kitabu chake cha mwaka 1899, na baada yake Mwingereza Malcolm Guthrie katika majuzuu aliyoyatoa kati ya mwaka 1967 na 1971. Waliweka maneno ya lugha nyingi bega kwa bega na kuuliza: ni sauti gani moja ingeweza kuwa z huku na r kule? Jibu la wanaisimu kwa mbuzi ni mzizi wa neno unaotamkwa budi, kwa d, na kabla yake huweka alama ya nyota. Nyota ile ina unyenyekevu ndani yake. Maana yake: neno hili hakuna aliyelisikia; tumelifikia kwa kuwasikiliza wajukuu.

Sasa nichukue swali letu la mwanzo. Mgusii anasema abanto babere, watu wawili. Mganda anasema abantu babiri. B, b, b. Mama wa zamani alisema b, na Kiswahili chetu kimeiyeyusha ikawa w: abantu wakawa watu, babiri wakawa wawili. Isipokuwa mahali pamoja. Palipokuwa na m kabla yake, ile m ilisimama kama mlango unaokinga upepo, na b ikasalimika. Ndiyo maana tunasema mbili, mbuzi, mbwa. Kila unapohesabu nyumba mbili na watu wawili unatamka historia ya miaka elfu kadhaa, na ufunguo wa kuisoma wamekutunzia Mgusii na Mganda.

Nakuja kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti hiki leo. Sema: njaa. Sikiliza ile a ndefu mwishoni. Sema: makaa. Sema: kukaa. Kwa nini a mbili? Mgusii akishikwa na njaa husema enchara. Mganda husema enjala. Mkikuyu huita makaa makara, na kukaa huita gũikara. Unasikia lililopotea? Katikati ya zile a mbili palikuwa na konsonanti. Kiswahili kiliiangusha njiani, na zile a mbili ni pengo la jino. Tunasema njaa kila siku, mamilioni kwa mamilioni ya watu, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kujua kuna jino lililong'oka kama kusingekuwa na ndugu kama Mgusii mlimani akisema enchara.

Ukubwa wa lugha haupimi ukubwa wa kumbukumbu yake. Kiswahili kina redio, magazeti, mabunge, hata siku yake ya kimataifa, tarehe 7 Julai, na nakipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kimesahau mambo ambayo lugha ndogo kuliko yenyewe inayakumbuka. Mama yule wa zamani aligawa urithi wake vipande vipande, na hakumpa mtoto mmoja vyote. Kila lugha inapokwenda kaburini bila kusikilizwa, inakwenda na kipande ambacho huenda hakuna ndugu mwingine anacho.

Kazi hii inataka uangalifu, maana kufanana pekee si ushahidi. Sisi tunasema kitabu, Mgusii anasema egetabu. Je, mama wa zamani alikuwa na vitabu? Hasha. Neno hilo limetoka Uarabuni, likapita pwani, likapanda bara pamoja na biashara na shule. Lakini hebu tazama Mgusii alivyolivika nguo za kwao. Hakusema ekitabu wala eketabu, alisema egetabu, kwa g. Kuna kanuni hapo. Sauti ya k katika kiambishi hulainika ikawa g silabi inayofuata ikianza na konsonanti isiyotetemesha koo, kama t, s, au k nyingine. Kanuni hiyo huitwa Sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeitambua katika Kinyamwezi. Ndiyo maana lugha ya Wakuria ni Igikuria, kwa g, kwa sababu mbele kuna k ya Kuria. Lugha ya Wagusii ni Ekegusii, k ikabaki, kwa sababu mbele kuna g tayari. Na ndiyo maana Wakikuyu husema Gĩkũyũ. Bibi wa kijijini ambaye hajaingia darasani hata siku moja anaifuata sheria hii bila kukosea.

Wala tusidhani kwamba mama yetu wa lugha alikuwa safi, asiyechanganyika na mtu. Schoenbrun ameonyesha kwamba watu wa Maziwa Makuu wa zamani walipokea maneno ya ufugaji na ya nafaka kutoka kwa majirani waliosema lugha za Kisudani na za Kikushi. Walijifunza kazi, wakachukua na jina la kazi. Kwa hiyo Msuba aliyejifunza Dholuo hakufanya jambo geni katika ukoo wetu. Tofauti ni kwamba bibi zetu wa zamani walikopa na lugha yao ikaendelea. Msuba wa leo amekopa lugha nzima.

Sasa nikupe neno nililoliahidi kwenye jina la mazungumzo haya. Ekialo. Tamka nami: ekialo. Kwa Kiganda, ekyalo ni kijiji. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya, ekyaro ni kijiji pia. Kwa Wakuria, ikiaro ni eneo zima la kabila moja lenye ardhi yake, watu waliokuwa wakitahiriwa pamoja na kulinda ng'ombe pamoja. Kwa Waikizu na jirani zao wa Mara, ekyaro ni nchi ya ukoo. Na kwa Wasuba wa Mfangano, ekialo ni ulimwengu.

Kijiji, nchi, ulimwengu. Neno moja, limezunguka ziwa likikua. Ukimuuliza mwanaisimu mama wa zamani alimaanisha nini, atatafuta kilicho katikati ya maana zote hizo: mahali ambapo watu wanaishi pamoja na kujihesabu kuwa wamoja. Kwa wengine mahali hapo pamebaki kuwa kijiji. Kwa wengine pamekuwa nchi yenye mipaka. Wasuba, wanaoishi kisiwani, ambao kutoka mlimani kwao wanaona maji pande zote na bara mbali ng'ambo, wakaliita kwa jina hilo kila kitu kinachoonekana na kisichoonekana. Katika Kiswahili sijamwona mtoto wa neno hili. Sisi neno dunia tulikopa kwa Waarabu. Na kama Kisuba kingenyamaza mapema, tungekuwa na kijiji na nchi, lakini tusingejua kwamba kuna ndugu aliyelinyoosha neno la mama hadi likaenea dunia nzima.

Hali hii haiko kwetu tu. Mbali sana na hapa, Papua Guinea Mpya, kuna lugha zaidi ya 800 katika nchi moja. Zile zinazoitwa za Kipapua si ukoo mmoja. Ni koo ndogo ndogo nyingi, nyingine zina lugha mbili au tatu tu, na lugha moja yaweza kuwa na wasemaji mia chache. Mwanaisimu Malcolm Ross alizipanga nyingi akianza na maneno madogo kabisa, yale ya kusema mimi na wewe, kwa kuwa watu hawakopi haraka neno la kujitaja. Aligundua sauti “na” kwa mimi, na “ga” kwa wewe, zikirudi bonde baada ya bonde katika milima ya kisiwa kile. Kutokana na mimi na wewe, ukoo mkubwa ukaanza kuonekana. Huko nako kila mzee aliyekubali kuketi na mgeni na kutamka maneno aliwaokolea wajukuu kipande cha mama yao.

Basi tufanye nini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kuendeleza lugha za asili. Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za asili. Hayo ni mema, na viongozi wakumbushwe hayo. Lakini lugha haikai katika kifungu cha katiba. Inakaa mdomoni mwa bibi anayemwita mjukuu aje ale. Agano Jipya limekwisha kutafsiriwa kwa Olusuba, na kule Mfangano vijana wana kituo chao chenye redio inayosikika kisiwani kwa lugha yao. Unajua wanakiitaje? Ekialo Kiona. Ulimwengu mzima. Wasuba walio wachache, juu ya kisiwa kidogo, walipotafuta jina la kituo chao hawakujiita wadogo.

Ninakuomba jambo moja usiku huu, iwe uko Kisegi, Tarime, Kisii, Musoma au mjini. Mtafute mzee wa kwenu. Mwulize alivyokuwa akiita mahali pa kwao, na alivyokuwa akiita njaa, mbuzi, mwezi. Muombe arudie. Rekodi maneno yake kwenye simu yako, andika na jina la kijiji chake. Usicheke akitamka tofauti na ulivyozoea, kwa sababu pengine ile sauti unayotaka kuichekea ndiyo jino lililong'oka katika lugha yako wewe.

Nimekuwa nikimfikiria mzee wangu wa Kisegi tangu siku ile. Alisema amebaki na majina tu, na alisema kwa huzuni, kama mtu anayekiri kwamba ameuza shamba la baba yake. Nikirudi nitamwambia: jaduong', majina si kitu kidogo. Jina la ukoo, jina la kilima, jina la mti uliokaa chini yake, yote ni maneno ya babu yako ambayo hayajafa. Yataje polepole, nami nitaandika. Jina ni mlango kama ile m ya mbili, nyuma yake sauti ya zamani imejificha upepo.

Kabla hatujaagana, tamka nami mara ya mwisho, wewe na watoto. Ekialo. Sasa liseme kwa lugha ya kwenu, kama bado lipo.

Usiku mwema, msikilizaji.